Upasuaji wa kupunguza uzito: Mgonjwa avuka mpaka, uangalizi wabaki nyuma

Kigali. Katika migahawa ya melanje ya jiji hili bei ni moja na sahani ni moja. Mteja hulipa, hushika sahani, kisha hupakua wali, ndizi, viazi, maharage na isombe, na juu yake huweka kipande cha nyama, akijua kwamba hakuna kurudia. Ndiyo maana sahani za mchana kule Nyabugogo hupanda kama kichuguu. Kwa mchuuzi aliyeshuka alfajiri kwenye basi la Kampala, na asiyejua atakula tena saa ngapi, huo si ulafi. Ni hesabu.

Hesabu hiyo huvurugika siku mtu anaporudi nyumbani akiwa amekatwa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula. Katika upasuaji unaofanywa zaidi duniani siku hizi, daktari huondoa asilimia 75 hadi 80 ya mfuko huo na kuacha kitu kama mrija, mwembamba kama ndizi. Miezi ya mwanzo mrija huo hauchukui zaidi ya nusu kikombe cha chai. Sahani ile ya melanje, ambayo zamani iliisha kwa dakika kumi, sasa ni chakula cha siku mbili au tatu. Na akijaribu kuila kwa kasi ya zamani, itarudi ilikotoka.

Upasuaji wa kupunguza uzito si habari ngeni tena Afrika Mashariki. Jijini Dar es Salaam, Hospitali ya Taifa Muhimbili Mloganzila imekuwa miaka ya karibuni ikiwawekea watu puto tumboni na kuwapunguza mfuko wa chakula. Nairobi hospitali binafsi nazo hufanya kazi hiyo. Kigali, Oktoba 2023, ilifungua kituo cha IRCAD Africa huko Masaka, ambako madaktari hufundishwa upasuaji wa matundu madogo, kikiwa ni chipukizi cha taasisi iliyoanzia Strasbourg, Ufaransa. Upasuaji wa kupunguza uzito hufanywa kwa njia hiyo hiyo ya matundu, kwa hiyo msingi wa ufundi unazidi kusogea karibu. Wenye fedha zaidi hupanda ndege kwenda India au Uturuki.

Basi kwa mfanyabiashara anayeishi Kigali, akauza Goma na kununua Kampala, kuupata upasuaji si tatizo kubwa tena. Kinachopaswa kumshughulisha ni miaka inayofuata. Operesheni yenyewe huchukua saa moja au mbili. Kujifunza upya kula na kunywa huchukua maisha yote, na kazi hiyo atalazimika kuifanya njiani, kati ya nchi na nchi, ambako hospitali iliyomkata haimwoni.

Uzito unaoongezeka kimya kimya

Takwimu za afya za kaya zinaonyesha jambo hili si la matajiri wachache. Nchini Rwanda, utafiti wa mwaka 2019/20 ulikuta asilimia 26 ya wanawake wa umri wa kuzaa wana uzito uliozidi au unene uliopitiliza. Miaka mitano kabla ilikuwa asilimia 21. Tanzania, utafiti wa 2022 ulitaja asilimia 36. Kenya, mwaka huo huo, ilifika asilimia 45 kwa wanawake wa miaka 20 hadi 49. Wanaume wako chini zaidi ya hapo.

Biashara ya kuvuka mpaka ina namna yake ya kunenepesha. Kigali hadi Kampala ni takriban kilomita 500, na siku nzima inaweza kuishia kwenye kiti. Dar es Salaam ni mbali mara tatu ya hapo. Kiamsha kinywa ni chapati na chai yenye sukari nyingi; mchana ni chipsi au muhogo wa kukaanga unaonunuliwa dirishani; jioni, baada ya mzigo kupita forodha, ndipo mtu anakula chakula cha kweli, saa tatu usiku, kisha analala. Soda ni rahisi kuipata kuliko maji safi. Ukiongeza ukweli kwamba anayejitegemea hana likizo wala saa za mazoezi kama zile alizopewa mtumishi wa serikali ya Rwanda, unapata mwili unaobeba kilo tano zaidi kila baada ya miaka michache.

Kigali imejaribu kupambana na hali hiyo kwa njia zake. Siku ya kutotumia magari, iliyoanza mwaka 2016, hufunga barabara kubwa asubuhi za Jumapili ili watu wakimbie na kupimwa afya bure. Ni jambo zuri, na wageni hulisifu. Ila Jumapili hiyo ndiyo siku ambayo mwenye duka Kimironko anapokea mzigo, au yuko Rusumo akingoja lori.

Nani anafaa, na ni upasuaji gani

Madaktari hawamkati kila anayetaka. Kipimo wanachoanzia ni uwiano wa uzito na urefu. Kwa miaka mingi kiwango kilikuwa 40 na zaidi, au 35 kwa mwenye ugonjwa kama kisukari au shinikizo la damu. Mwaka 2022 vyama vya kimataifa vya wapasuaji hao vilipendekeza kiwango kishushwe hadi 35, na 30 kwa mwenye kisukari. Mwenye kitambi cha kawaida hayumo. Anayeahidiwa operesheni kwa picha ya simu tu, bila kupimwa sukari, moyo na ini, ameangukia mikononi mwa dalali.

Njia kuu ni tatu. Puto si operesheni kwa maana ya kukata: hupitishwa mdomoni likiwa tupu, hujazwa maji ndani ya tumbo, hukaa kama miezi sita, kisha hutolewa. Siku za kwanza humpa mtu kichefuchefu na kutapika, na wengine huomba litolewe kabla ya wakati. Ya pili ni kupunguza mfuko wa chakula, iliyotajwa juu. Ya tatu ni njia ya mkato: kijifuko kidogo hutengenezwa juu ya tumbo na kuunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba, chakula kikapita bila kugusa sehemu kubwa ya tumbo. Hii ya tatu ina nguvu sana dhidi ya kisukari, na pia ina masharti mengi zaidi.

Haifai kuupuuza upande wa faida. Kwa mtu mwenye kilo 130, magoti yaliyochoka na sukari isiyoshikika kwa vidonge, kupoteza robo ya uzito wake ndani ya mwaka mmoja ni kupewa maisha mengine. Wengi hupunguziwa dawa za kisukari wiki chache tu baada ya upasuaji, na wapo ambao huziacha kabisa kwa miaka. Hakuna lishe wala mbio za Jumapili zilizowahi kumpa mtu wa uzito huo matokeo kama hayo na yakadumu kwa kiwango hicho. Lakini uzito hurudi. Kwa sehemu fulani hurudi kwa karibu kila mtu baada ya mwaka wa pili, na hurudi haraka kwa aliyebadili tumbo asibadili namna ya kula.

Sahani mpya

Mabadiliko huanza kabla ya kisu. Wiki mbili za mwisho mgonjwa hupewa chakula chenye protini na wanga kidogo sana ili ini lisinyae, kwa sababu ini lililojaa mafuta huliziba tumbo na kumfanya daktari afanye kazi gizani. Sigara huachwa wiki kadhaa kabla. Hapa ndipo desturi ya kuagana huleta matatizo: jamaa humfanyia msafiri karamu, naye anakula kwa ajili ya miezi yote ijayo. Daktari anayefungua tundu na kukuta ini limevimba anaweza kuahirisha, na tiketi ya kurudi Kigali haingoji.

Baada ya operesheni mgonjwa huanza na maji, mchuzi uliochujwa na chai nyepesi isiyo na sukari, kwa kunywa funda ndogo ndogo. Baadaye, mpaka karibu wiki ya pili, huingia maziwa, mtindi na supu laini. Wiki ya tatu na ya nne ni chakula kilichosagwa. Kisha chakula laini, na kuanzia wiki ya sita hadi ya nane ndipo hurudi kwenye chakula cha kawaida, kidogo kidogo. Hospitali hutofautiana kwa siku chache, na kila moja ina karatasi yake. Anayefuata karatasi ya jirani aliyefanyiwa operesheni nyingine anajitafutia shida.

Kwa bahati, Kigali ni mji mzuri wa kupitia hatua hizo. Vibanda vya maziwa viko kila mtaa, na ikivuguto, yaani mtindi, ni kinywaji cha heshima wala hakimshangazi mtu mezani. Aliyekaa kwenye kibanda cha maziwa na bilauri yake hahitaji kumweleza yeyote kwa nini hali nyama choma. Tahadhari ni moja: asiongezewe sukari.

Ugumu unakuja kwenye protini. Wataalamu hutaka gramu 60 hadi 80 kwa siku, la sivyo mwili hujila misuli yake na nywele huanza kupukutika karibu mwezi wa nne. Yai moja lina gramu kama sita. Bilauri ya maziwa, nane. Kikombe kizima cha maharage yaliyopikwa, kama 15, lakini mtu huyu hawezi kumaliza kikombe kizima. Kwa hiyo protini lazima itangulie mezani, kisha mboga, na wanga uje mwisho kama nafasi imebaki. Kwa mtu aliyezoea ugali uwe mlima na kitoweo kiwe kando yake, huko ni kuipindua meza.

Jibu rahisi liko kwenye magunia ambayo wafanyabiashara wenyewe wanayavusha kila wiki. Dagaa wakavu, wale wa Ziwa Victoria na sambaza wa Kivu, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, hawahitaji barafu, na wakisagwa unga vijiko viwili tu huugeuza uji kuwa mlo kamili. Makopo ya unga wa protini yanayouzwa kwenye maduka ya mazoezi hufanya kazi hiyo hiyo kwa bei kubwa mara nyingi zaidi. Mama anayeuza dagaa jumla huko Rubavu tayari anayo dawa yake ghalani.

Kutafuna nako ni kazi mpya. Kila tonge hutafunwa mara 20 hadi 30, mlo unachukua karibu nusu saa, na mtu huacha anaposikia shinikizo kifuani, hata kama kimebaki kijiko kimoja. Mishikaki ya mbuzi ya Nyamirambo, mikavu na migumu, ni kati ya vyakula vya mwisho kukubalika. Wali mkavu na mkate laini nao hushangaza wengi: hujivingirisha na kuziba. Ndizi za kupikwa zilizolainika hupita vizuri zaidi.

Sukari ina adhabu yake, hasa kwa aliyefanyiwa njia ya mkato. Juisi ya miwa, soda au andazi vikifika kwenye utumbo kwa ghafla, moyo hudunda, jasho hutoka, tumbo husokota, na mtu hutafuta choo upesi. Likimpata kwenye basi kati ya Mbarara na Katuna, hatalisahau.

Kunywa kwa saa

Sharti linalowashinda wengi zaidi ni la maji. Haitakiwi kunywa pamoja na chakula, na baada ya kula mtu husubiri nusu saa, kwa sababu maji husukuma chakula nje ya mrija na njaa hurudi mapema. Wakati huo huo anatakiwa afikishe lita moja na nusu au zaidi kwa siku, kwa funda, kwa kuwa hawezi tena kuimeza nusu lita kwa mkupuo. Hesabu yake ni kwamba chupa haipaswi kutoka mkononi muda wote ambao mtu hali.

Sasa mweke mtu huyo kwenye basi. Wanawake wanaofanya biashara ya mipakani wanajua kwa nini hawanywi maji safarini: basi halina choo, dereva hasimami, na kituo kinachofuata kina foleni. Wamezoea kukaa na kiu saa nane. Kwa mwenye tumbo la kawaida hayo ni mateso tu. Kwa aliyepasuliwa mwezi mmoja uliopita ni hatari, maana kuishiwa maji mwilini ni moja ya sababu kubwa zinazowarudisha wagonjwa hawa hospitalini. Hakuna sharti la lishe linaloweza kurekebisha jambo ambalo kwa kweli ni la usafiri. Kinachobaki ni kupanga: kuvunja safari ya Kampala mara mbili, kulala Kabale au Mbarara, au kumtuma mwingine kwa miezi mitatu ya kwanza. Hiyo ni gharama ya operesheni ambayo haimo kwenye ankara.

Kwa Waislamu, na Nyamirambo imejaa wafanyabiashara Waislamu, kuna Ramadhani. Mtu aliyepasuliwa miezi michache iliyopita hana namna ya kufikisha maji yote hayo kati ya kufuturu na daku, na madaktari wengi humzuia kufunga katika kipindi hicho. Ruhusa ya mgonjwa kulipa siku zake baadaye inajulikana. Kupanga tarehe ya operesheni kwa kuangalia kalenda ya Hijria ni busara ndogo inayosahaulika.

Soda na bia, kwa sababu ya gesi, huachwa. Lakini kwenye pombe suala ni zito kuliko gesi. Baada ya njia ya mkato au kupunguzwa mfuko wa chakula, pombe hufika kwenye damu haraka na kwa kiwango kikubwa zaidi. Chupa moja humfanyia mtu kazi ya chupa mbili au tatu za zamani, na anaweza kuwa amelewa kisheria kabla hajajihisi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2012, uliowafuatilia wagonjwa wa hospitali kadhaa, ulikuta kwamba matatizo ya ulevi yalikuwa kwa asilimia 7.6 ya wagonjwa kabla ya upasuaji, hayakubadilika mwaka wa kwanza, kisha yakapanda hadi asilimia 9.6 mwaka wa pili, hasa kwa waliofanyiwa njia ya mkato. Aliyekuwa akijifariji kwa chakula, na sasa chakula hakiingii, anaweza kuhamia kwenye glasi.

Rwanda imekuwa ikikaza kamba kuhusu pombe kwa sababu zake nyingine. Tangu Septemba 2023 baa zinafungwa saa saba usiku siku za kazi na saa nane usiku mwisho wa wiki, na Wizara ya Afya ina kampeni yake ya TunyweLess. Lakini biashara ina kanuni zake. Makubaliano mengi ya mzigo hufungwa mbele ya agacupa, ile chupa ndogo ambayo si ndogo, na anayekataa huonekana ana jambo analolificha. Bora aseme mapema kwamba daktari amemkataza. Wenzake wataelewa kisukari na vidonda vya tumbo. Operesheni si lazima aitaje.

Mwili kama barua ya dhamana

Kuna gharama nyingine isiyozungumzwa hospitalini. Katika ukanda huu unene umekuwa ushahidi. Mwaka 1861 mvumbuzi wa Kiingereza John Hanning Speke alikuta Karagwe, ng'ambo tu ya Rusumo, wake wa nasaba ya mfalme wakinyweshwa maziwa mpaka wasiweze kusimama, na hiyo ndiyo iliyokuwa fahari yao. Ladha imebadilika, hasa kwa vijana, lakini sokoni bado mwili mnene husomwa kama mtaji, na mtu aliyekonda kwa ghafla husomwa kama ugonjwa au kufilisika. Kizazi kilichoona UKIMWI ukiwamaliza watu miaka ya 1990 hakijasahau.

Mfanyabiashara anayechukua mali kwa mkopo, akalipa baada ya kuuza, anaishi kwa sura yake. Akipoteza kilo 40 ndani ya miezi minane bila maelezo, msambazaji wa Kikuubo anaweza kuanza kudai fedha mkononi. Hili si jambo la kuchekwa. Wengine wamelimaliza kwa kuwaambia watu wawili watatu wanaoaminika katika kila soko, na kuwaacha wao wayasambaze maneno. Wengine huficha, wakaishia kula mbele ya wageni ili wasishukiwe, kisha wakatapika. Kutapika mara kwa mara kwa mtu huyu si usumbufu tu: humaliza vitamini B1, na upungufu wake mkali huharibu ubongo na mishipa ya fahamu ndani ya wiki chache.

Karatasi isiyovuka

Hapo ndipo linapojitokeza tatizo ambalo mgonjwa peke yake hawezi kulitatua. Anayefanyiwa upasuaji huu anahitaji vitamini na madini maisha yake yote: madini ya chuma, kalisi, vitamini D, vitamini B12. Anahitaji kupimwa damu mara kadhaa mwaka wa kwanza na angalau mara moja kila mwaka baada ya hapo. Mwanamke anashauriwa asishike mimba kwa miezi 12 hadi 18, na aliyefanyiwa njia ya mkato asitegemee vidonge vya kumeza kuizuia, kwa kuwa huenda visifyonzwe ipasavyo. Dawa za kisukari na shinikizo lazima zipunguzwe mapema, la sivyo sukari itashuka kupita kiasi. Na dawa za maumivu zinazouzwa kila kibanda cha mpakani, diklofenaki na ibuprofeni, zinaweza kutoboa vidonda kwenye tumbo lililoshonwa, hasa la njia ya mkato. Parasetamoli ndiyo salama zaidi.

Muuguzi wa zahanati ya Kagitumba au Mutukula atayajuaje hayo yote kama mgonjwa amefika hajitambui, na karatasi yake ya hospitali iko kabatini Kimironko, imeandikwa Kiingereza cha kitaalamu? Mtu aliyepasuliwa kwa matundu ana makovu madogo yasiyosema kitu.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, na huduma ni mojawapo ya vitu ilivyoahidi kuviacha vivuke. Kwa kweli mgonjwa amevuka. Bima haijavuka. Mutuelle de Santé, inayowabeba Wanyarwanda walio wengi, imejengwa juu ya ngazi za rufaa za ndani ya nchi. Kenya imehamia kwenye mamlaka yake mpya ya afya ya jamii tangu Oktoba 2024. Tanzania ina sheria yake ya bima ya afya kwa wote ya mwaka 2023. Kila moja ni juhudi ya heshima, na kila moja inaishia kwenye kizuizi cha mpaka. Aliyelipa fedha taslimu Nairobi au Dar es Salaam akapata tatizo Kigali huanza upya, mbele ya daktari ambaye hakumkata na hana faili lake.

Haihitajiki bima ya pamoja ili kuanza, kwa kuwa hiyo itachukua miaka. Hospitali zinazopokea wagonjwa kutoka nchi jirani zinaweza kulazimishwa kutoa kadi ya ukurasa mmoja: aina ya upasuaji, tarehe, dawa zilizokatazwa, vipimo vya kufuatilia, namba ya simu ya kitengo. Na iandikwe Kiswahili. Rwanda ilikifanya kuwa lugha rasmi mwaka 2017, Jumuiya nayo imekikubali, na hakuna lugha nyingine ambayo muuguzi wa Rusumo pande zote mbili za daraja ataisoma bila kuuliza. Kiswahili kimewekewa maazimio mengi. Hapa kingekuwa na kazi.

Kuhusu vitamini, mgonjwa huondoka na kopo la miezi mitatu, na likiisht huanza kuwauliza wenzake nani anasafiri. Mradi wa nchi za Jumuiya wa kuoanisha usajili wa dawa ulizinduliwa Arusha mwaka 2012, lakini virutubisho kama hivi bado huvuka ndani ya mikoba. Mwenye mkoba anajua bei. Ubora wake haujui.

Puto linastahili neno la peke yake, kwa kuwa ndilo linalovutia wengi kwa bei na kwa kutokukatwa. Lina tarehe ya kutolewa, na likipitiliza linaweza kupasuka na kushuka kwenye utumbo. Anayelifuata nchi nyingine amejifunga kurudi huko baada ya miezi sita, apende asipende. Wafanyabiashara wa Kigali hawahitaji kukumbushwa kwamba Gatuna ilifungwa Februari 2019 na haikufunguliwa mpaka mwisho wa Januari 2022, wala kwamba Burundi ilifunga mipaka yake na Rwanda Januari 2024. Kabla ya kulipa amana, swali la kumuuliza daktari ni kama yupo mtu Kigali kwenyewe anayeweza kulitoa, jina lake nani, na kama wawili hao wameshazungumza.